TAHADHARI: huyu muuza mawe na matumbawe wa Houston msimpe hata senti

Jamani naandika hasira zimenijaa, na aibu pia, maana mimi ndo nilikua nawahubiria kila siku msinunue vitu vya tanki la samaki wa baharini kwenye magaraji ya watu. Haya chekeni kwanza mkimaliza tuendelee.

Jumamosi nimefika kwake, jamaa anaongea Kiswahili cha Tanga kile laini, mke kaleta chai na maandazi, watoto wananiita shangazi. Sasa wewe ungemshuku? Nikamuuliza kaka haya mawe ni salama, akasema dada'ngu usijali, akachukua jiwe moja kavu akachukua na siki akalidondoshea mbele ya macho yangu, likatoa povu. "Unaliona hilo povu? Chokaa tupu, hakuna chuma humo." Mimi nimeshaambiwa siku nyingi jiwe la chokaa linatoa povu kwenye siki nikajua huyu mtu anajua kazi yake, nikachomoa dola 180 za paundi 40 za mawe na 120 nyingine za matumbawe matatu. Hata risiti sikuomba, nikaomba kifuniko cha ndoo tu 😭

Akanisindikiza mpaka kwenye gari akasisitiza matumbawe niyaweke juu kabisa karibu na taa eti yana njaa ya mwanga. Nikaweka. Mimi na akili zangu, ninayejua tumbawe geni linaanzia chini halafu unalipandisha taratibu wiki kwa wiki!

Kesho yake konokono wangu wote chali. Kamba naye kafa. Matumbawe yamejikunja hayajafunguka tena mpaka nyama ikaanza kuchanika. Ila samaki wanaogelea tu kama hakuna msiba, hapo ndo nikashtuka, maana shaba kwenye maji inaua konokono, kamba na matumbawe ila samaki wanaivumilia, nikakimbia kununua kipimo cha shaba. Shaba ipo! Yale mawe katoa kwenye tanki alilokua anatibia samaki kwa dawa ya shaba, mawe yanainyonya halafu yanakuja kuiachia kwako kidogo kidogo, na siki haiwezi kukuonyesha hilo hata umwage chupa nzima.

Nimempigia, ananijibu nini? "Dada umeyaweka juu sana." WEWE SI NDO ULISEMA JUU?! Kisha kaniblock. Mtu wa hivi arudishe hela mbele ya wazee wa jumuiya, kwenye harusi zetu asialikwe, na kama mnafahamiana na shemeji mwambieni maandazi yake yamenitokea puani.

Dalili zilikuwepo sema sikutaka kuziona: tanki lake kubwa lina samaki tu, hakuna konokono, hakuna kamba, hakuna hata tumbawe moja, na hayo ya kuuza yalikua kwenye beseni pembeni. Na alikataa nisipige picha.

Mawe yake yako kwenye ndoo balkoni kwangu. Akiyataka aje ayafuate mwenyewe.