Modemu ya kutembea nayo Unguja na Pemba: ipi ununue, na ikigoma uanzie wapi

Mtandao ukikata-kata Makunduchi au Micheweni, wa kwanza kulaumiwa ni kampuni ya simu, wa pili ni bando. Mara nyingi kosa liko kwenye tundu la USB, kwenye masafa ambayo modemu haiyajui, au pahala ulipoiweka. Kwa hiyo hapa hatukupanga kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Karibu modemu zote za 4G za daraja la kawaida zimeandikwa Mbps 150, na hakuna atakayeziona Mbps 150 hizo akiwa ndani ya gari ya 116 ya Nungwi. Tumeangalia mambo matatu: inakula umeme kutoka wapi, inashika masafa gani, na unaweza kuitenga na laptopu ukaiweka penye mtandao au la.

1. Modemu ya USB inayotoa waifai

Mfano wake ni Huawei E8372. Kwa umbo ni kama flashi iliyonenepa: unaichomeka kwenye USB yoyote yenye umeme, yenyewe inarusha waifai kwa vifaa hadi 10. Wanunuzi wengi huipita kwa kuwa haina betri, wakaenda kwenye MiFi, yaani kisanduku kidogo cha waifai chenye betri yake. Sisi tunaiweka juu kwa sababu hiyo hiyo. Betri ndiyo inayokufa kwanza kwenye vifaa hivi, khasa vikilala kwenye dashibodi ya gari juani. Hii inakubali pawabenki, chaji ya gari, tundu la USB la sola ya nyumbani, hata nyuma ya TV.

Hesabu ya pawabenki ni hivi. Ile ya mAh 10,000 haitoi 10,000. Betri ya ndani ni ya volti 3.7 na USB inataka volti 5, na katikati kuna umeme unaopotea njiani. Unachopata kweli ni kama mAh 6,000 hivi. Modemu ikila mA 400 hadi 500, hizo ni saa 12 au zaidi kidogo. Siku nzima ya kazi, hata umeme ukikatika.

Faida kubwa zaidi ni kwamba unaweza kuitupa mbali na wewe. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa. Chumba cha chini kikiwa na dirisha moja la uchochoroni, simu inabaki na mstari mmoja. Ichomeke kwenye pawabenki, iweke juu dirishani, wewe kaa mezani mita 5 ndani. Waifai itakufikia bila tabu, kwani haina ukuta wa kupita.

Kasoro zake: inapata moto, na waifai yake ni ya GHz 2.4 tu, ambayo kwenye hoteli au ofisi yenye rauta nyingi inabanana. Neno la siri la waifai liko ndani ya mfuniko. Liandike kabla ya kuufunga, maana plastiki yake haipendi kufunguliwa kila siku.

2. MiFi yenye betri ya kutoa

Inafaa kwa wanaosafiri wengi pamoja au wanaofanya kazi wakiwa wamesimama: timu ya sensa ya wanafunzi wa skuli, wapima ardhi, watembeza wageni. TP-Link M7200 ina betri ya mAh 2,000 na mtengenezaji anaihesabia saa 8. Huawei E5573 ina mAh 1,500. E5577 ipo ya mAh 1,500 na ipo ya 3,000, kwa hiyo fungua mfuniko usome betri yenyewe, usisome boksi.

Ukinunua iliyotumika, toa betri uilaze juu ya kioo cha kaunta, uisukume pembeni kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba katikati. Iache. Kisha tikisa waya wa chaji kwenye tundu lake: taa ikizima na kuwaka, tundu limelegea, na hilo ndilo linalowarudisha watu kwa fundi kuliko jengine lolote.

Kwenye boti ya Dar, saa mbili za safari, katikati ya mkondo mtandao hudhoofika au hupotea, na MiFi inatafuta mnara kwa nguvu zake zote. Hapo ndipo betri inapokwisha bila wewe kufungua hata ukurasa mmoja. Izime ukishaiacha bandari ya Malindi kwa mbali, iwashe upande wa pili.

3. Modemu ya USB ya kawaida

Huawei E3372 ndiyo inayoonekana zaidi. Kwa mtu mmoja mwenye laptopu moja inatosha. Inakula betri ya laptopu, na inakulazimisha ukae pale pale penye mtandao. Lakini ina kitu ambacho namba 1 na 2 hazina kila mara: matundu mawili madogo ya antena ya nje, aina ya CRC9, yamefunikwa na vifuniko vya plastiki ubavuni. Kwa anayekaa pahala pamoja penye mtandao hafifu, tuseme Makangale karibu na msitu wa Ngezi, modemu hii na antena mbili zilizofungwa juu ya paa ni bora kuliko MiFi ya bei mbaya. Antena iwe ya CRC9. Ya TS9 inafanana nayo kwa macho lakini haikai sawasawa.

Ziko za namna mbili, na herufi ndiyo inayosema. E3372h inajifanya rauta ndogo: laptopu inadhani imechomekewa waya wa mtandao, na mipangilio yote iko kwenye kivinjari, anwani 192.168.8.1. E3372s ni ya mtindo wa zamani, inataka programu ya kupigia na draiva. Chukua yenye h.

Ila h ina mtego wake. Kwa kuwa Windows inaiona kama waya wa ofisini, inaamini una intaneti isiyo kikomo, inaanza kushusha masasisho yake. Bando ya GB 5 inaweza kuyeyuka kabla ya chai ya saa nne. Siku ya kwanza kabisa ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, bonyeza muunganisho huo, washa sehemu inayosema kuwa unatumia data ya kupimwa. Fanya hivyo hivyo kwa waifai ya namba 1 na 2.

4. Hotspoti ya simu

Bure, na simu mpya mara nyingi inashika mtandao vizuri kuliko modemu ya zamani. Tatizo ni moto na betri, na kwamba ukipigiwa simu, baadhi ya laini hushuka hadi 3G au 2G na mkutano wako unaganda. Iwe akiba.

5. Modemu za 3G za rangi za kampuni

E173, E303 na ndugu zao bado zinauzwa kwenye vibanda. Hizo mbili ni za Mbps 7.2, hazijui 4G kabisa, na nyingi zimefungwa kwa kampuni moja. Hata ukiambiwa bei ya bakuli la urojo, usichukue.

Masafa: soma namba ya nyuma

Unataka kifaa kinachoshika MHz 1800 (B3), 800 (B20) na 700 (B28); hiyo B ni bendi, jina la masafa hayo. Masafa ya chini husafiri mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi. Ya juu hubeba mzigo mkubwa lakini huchoka njiani. Mjini huenda usione tofauti. Ukifika shamba, modemu isiyo na 700 wala 800 inakaa kimya pale pale ambapo simu ya jirani yako inacheza video.

Jina moja la modemu linabeba miili tofauti. E3372h-153 ina 800 na haina 700. E3372h-607 ina 700 na haina 800. Kwa hiyo jua kwanza laini yako inategemea masafa gani unakokwenda. Njia rahisi ni kuweka laini hiyo kwenye simu ya Android yenye programu ya kuonyesha mnara, ukasoma namba ya B ukiwa huko huko. Na jihadhari na modemu zilizoletwa kutoka Marekani: 700 yao ni B12, B13 au B17, siyo B28. Muuzaji atakuambia "hii ina 700" na hatokuwa amesema uongo.

Dukani kabla ya kulipa

Nenda na laptopu yako na laini mbili za kampuni tofauti, zote zina bando na zimesajiliwa kwa alama za vidole. Piga *106# kwenye simu kuhakikisha usajili. Ukiwa Darajani au Mlandege, toka na modemu hadi barazani. Ndani ya duka, chini ya bati na katikati ya vyuma, hutojua kosa ni la nani.

Weka laini ya kwanza, subiri dakika 2, kisha ya pili. Moja ikikataliwa na skrini ikaomba namba ya kufungulia, modemu imefungwa. Usikubali kubahatisha namba: nyingi za Huawei huruhusu majaribio 10 tu, zikajifunga moja kwa moja. Fungua 192.168.8.1, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) ya pale na iliyobandikwa nyuma. Zikitofautiana, rudisha. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia tangu 16 Juni 2016, na IMEI iliyochezewa haina maisha ya kuaminika. Mwisho cheza video dakika 10. Modemu mbovu ya umeme haifi dakika ya kwanza. Inakufa ikishapata moto.

Kama laini yako ni nano na modemu inataka kubwa, tumia adapta, lakini ishike laini kwa kipande chembamba cha selotepu upande usio na shaba. Adapta tupu ikiingia peke yake inang'oa vijipini vya ndani ukiivuta, na hapo hakuna fundi.

Ikigoma njiani

Anza na taa. Kwenye E3372 kijani ni 2G, buluu ni 3G, samawati nyepesi ni 4G. Taa isipowaka kabisa, au modemu ikijitenga na kurudi kila dakika chache, shuku umeme. Tundu la USB 2.0 limewekewa mA 500, la 3.0 mA 900. Modemu iliyo mbali na mnara inapaza sauti, yaani inarusha mawimbi kwa nguvu zaidi, na ikipaza sauti inaomba umeme zaidi ya ule wa 500. Laptopu ya zamani inashindwa, modemu inazima, inawaka upya. Ndiyo maana inakubali mjini na kukataa Kizimkazi. Toa ekstensheni ndefu na habu isiyo na chaji yake, hamia tundu la 3.0 (la buluu mara nyingi), au tumia waya wa mikia miwili, unaochukua umeme kwenye matundu mawili ya USB. Ukitaka ekstensheni, isizidi mita 1.

Ikiwaka lakini laptopu inaonyesha CD badala ya mtandao, modemu imesimama kwenye hatua ya kwanza. Hizi huanza kama CD yenye draiva, kisha hugeuka. Fungua hiyo CD, weka draiva, chomoa, subiri sekunde 10, chomeka tena. Kwenye Linux weka kifurushi cha usb-modeswitch. Ukiandika lsusb utaona 12d1:1f01 kabla ya kugeuka, na 12d1:14dc ikishageuka.

Mtandao upo, kurasa hazifunguki? Fungua 192.168.8.1 uende kwenye ujumbe mfupi. Taarifa za bando kwisha huja kwenye modemu, si kwenye simu yako, na watu hukaa siku mbili wakihangaika na mipangilio huku ujumbe umewangoja hapo. Bando ikiwa ipo, angalia APN (jina la lango la intaneti la kampuni yako): weka laini kwenye simu inayokubali, soma APN yake, inakili herufi kwa herufi. Na kama nyumbani rauta nayo inatumia 192.168.8.1, zima waifai ya laptopu kwanza; zinagombana.

Ikiwa taratibu tu, acha kuhesabu mistari. Kwenye ukurasa huo huo wa 192.168.8.1 tafuta RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele). RSRP ya -80 ni nzuri, -100 ni hafifu, ikipita -115 usitegemee mkutano wa video. SINR ikishuka chini ya 0 kuna kelele nyingi, hata RSRP ikiwa nzuri. Sogeza modemu sentimita 30, subiri sekunde 15, soma tena. Pemba, kwenye mabonde ya mikarafuu, kupanda mlima hatua ishirini kunaweza kuongeza RSRP kwa 10 au 15, na hiyo ndiyo tofauti ya kupata barua pepe na kutoipata. RSRP ikiwa nzuri, SINR ikiwa nzuri, na bado ni taratibu kila saa mbili usiku, mnara umejaa watu. Hapo hakuna modemu ya kukusaidia, jaribu laini nyengine.

Kwa wanaokaa Paje, Jambiani na kokote pwani: chumvi inaingia kwenye shaba ya USB baada ya miezi michache, inaonekana kama ukungu wa kijani. Futa shaba kwa ufutio wa penseli, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, acha ikauke dakika 10 ndipo uchomeke. Ikikaa bila kazi, itie kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu. Siyo kwenye mchele, vumbi lake linaingia tunduni.