Tuzo ya namba moja au tuzo ya kupanda?
Tuzo ya shule inayoongoza kitaifa ni rahisi kuieleza: matokeo, cheti, makofi. Lakini Tabora Wavulana, alikosoma Nyerere, hupokea wanafunzi wa vipaji maalumu, yaani waliochaguliwa kwa alama za juu. Shule ya kata kule Uvinza, Kigoma, hupokea kila aliyefaulu darasa la saba. Kuzipima kwa kipimo kimoja ni kumwonea mwalimu wa Uvinza. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora, nami niliafiki kabisa.

Tuzo ya kupanda huilinganisha shule na matokeo yake yenyewe ya nyuma. Mwalimu aliyepunguza divisheni sifuri, yaani wanaofeli, anaonekana. Mwaka mmoja mzuri unaweza kuwa bahati, kwa hiyo ipimwe mitatu. Hata hivyo naichagua hii, na fedha zake zijenge nyumba za walimu.