Senene wa Agosti: uzoefu wangu wa safari ya kula, Kampala hadi Jinja

Tuko sita, na kilichotukutanisha ni tumbo. Mimi wa Tanga, wawili wa Kisumu, mmoja wa Bukavu, na wenyeji wawili, Mganda na Msoga. Kila mwisho wa mwezi tunachanga tunakwenda kula mahali. Agosti tukaona tusijisumbue kupanga; tukalipa kampuni moja iliyotangaza siku nzima ya kula kutoka Kampala hadi Jinja, shilingi 160,000 kwa kichwa, gari, mwongozaji na chakula vyote humo.

Katika tangazo kulikuwa na senene, wale panzi wa kuliwa. Mganda wetu alicheka tangu siku ya kulipa. Senene wanakuja na mvua: msimu mkubwa ni Novemba, mdogo ni Aprili na Mei. Ukipita Masaka usiku wakati huo utaona taa kali zimewashwa na mabati yamesimamishwa, wadudu wanajigonga na kuteleza hadi kwenye mapipa. Agosti utawatoa wapi? Mwongozaji aliwatoa chini ya kiti, kwenye kopo la plastiki. Senene mpya hujikaanga kwa mafuta yao wenyewe, ukitia kitunguu na chumvi umemaliza, na ukitafuna unasikia mlio. Hawa walikuwa wamelegea, wananuka mafuta ya siku nyingi. Kopo lilizunguka gari zima likarudi kwa mwenyewe likiwa limejaa vile vile.

Na hapo tulikuwa tumeshakasirika, maana saa moja asubuhi waliyotuahidi iligeuka saa tatu na nusu.

Namawojjolo, mbele ya Mukono, ilituponya kidogo. Gari halijasimama vizuri, wauzaji wameshalizunguka, kila mmoja na koti lake la namba, mikono imejaa dirishani: kuku kwenye kijiti, mishikaki, maini, soda, maji. Kuku usimwonee tamaa. Rangi anayo, lakini yule tuliyepewa alikuwa amekaa juu ya moto tangu asubuhi na kidari kimekauka. Chukua gonja. Ni ndizi ile ile tunayoiita mzuzu, imeiva hadi ganda limepiga weusi ndipo ikachomwa, na sukari yake ilikuwa imeganda pembeni kama kashata. Shilingi 1,000 moja, imefungwa kwenye karatasi. Nilikula tatu kabla hatujamaliza msitu wa Mabira.

Mchana tulisimama Njeru, upande wa huku wa Nile, kwenye kibanda cha mama mmoja. Tulikuwa tumeahidiwa luwombo ya kuku. Mama akatushangaa. Hakuna aliyempigia simu, na luwombo si chipsi kwamba utaagiza ukisubiri umesimama. Jani changa la mgomba linapitishwa motoni lilainike lisipasuke, uti wake unapunguzwa, nyama na mchuzi vinawekwa katikati, linafungwa kwa kamba ya mgomba huo huo, kisha linapikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Kuku walikuwa wameisha. Zilibaki luwombo za samaki mkavu wa moshi kwenye mchuzi wa karanga, na mwongozaji akaanza kubishana naye kuhusu bei.

"Nyinyi kula kwanza," mama akatuambia sisi, yeye akimpa kisogo. Kiswahili chake, alisema, alikiokota kambini, mume wake alikuwa askari.

Alitufungulia pale pale kwenye sahani. Kwanza moshi unakupiga puani, halafu karanga, halafu harufu ya jani lenyewe, ya kijani, ambayo siwezi kuifananisha na kitu. Matoke yalikuwa yamepondwa humo humo ndani ya majani yake, laini, ya manjano, bado yanafuka. Sisi wa pwani chakula bila nazi na bizari tunakiita cha mgonjwa. Nilinyoosha mkono nitafute pilipili, nikaisahau mkono ukiwa hewani. Wa Bukavu alikuwa amenyamaza muda mrefu, si kawaida yake, kisha akasema kwao samaki hufungwa kwenye majani pia, wanaita liboke, ila yao inalala juu ya makaa. "Hii imelala kwenye mvuke, ndugu yangu. Iko na adabu." Hakuna aliyemwuliza tena mama habari za kuku.

Jinja kwenyewe sina mengi. Samaki mzima wa kukaanga, sato, mzuri, moto, chumvi imezidi. Wenzetu wa Kisumu walifurahi kusikia mhudumu anamwita ngege kama kwao, wakadai samaki ni wao. Tulirudi usiku, foleni ya Mukono ikatuchukua saa nzima na nusu, na "maji ya kunywa yamo" ilimaanisha chupa ndogo moja kila mtu kwa siku nzima.

Nawapa mbili kati ya tano, na zote mbili ni za dereva na gari lake: viti vizima, mwendo wa kistaarabu, anasimama ukimwomba. Wenye kampuni barabara wanaijua, jiko hawalijui. Mtu anayejua jiko angepiga simu Njeru jana yake, na asingeweka senene kwenye tangazo la Agosti.

Novemba tunakwenda Masaka na dereva yule yule, tumeelewana naye gari tu. Njeru tutarudi Desemba. Namba ya mama ninayo, na nimeshaambiwa nipige jioni ya kuamkia safari nikitaka kuku. Nitaagiza kuku wawili. Zilizobaki zote ziwe za samaki wa moshi.