Filingi za muda za jino: nimekaa nazo mbili, moja ilivuja moja ikashika

Mnaofanyiwa ruti kano (kusafishwa mizizi ya jino ndani afu inajazwa) hapa Dodoma someni hii kabla hamjashuka kwenye kiti cha daktari. Gego langu la chini kushoto lilisafishwa mizizi kwenye kliniki moja ya mjini, jina naliacha, wakaweka dawa, wakaweka kipamba, juu wakaziba na filingi ya muda ya Cavit, nyeupe ka unga wa muhogo uliokandwa, afu nikaambiwa "utarudi tumalizie" basi, siku gani hakuna aliyesema. Mi nikapata kibarua Kongwa, jino haliumi, nikasahau. Wiki ya 7 natafuna karanga nikaskia kitu kwenye ulimi ka chokaa, kumbe ndo filingi inamomonyoka. Na dalili zilikuwepo kabla nikazipuuza, nikilinyonya jino katoka kaladha kachungu hivi, asubuhi mdomo unanuka hata nipige mswaki mara mbili.

Kliniki ya pili walipolifungua wakanionyesha kile kipamba kabla hawajakitupa. Kimelowa chepe, kijivu kinaelekea weusi, na harufu yake mpaka leo naikumbuka. Bakteria wa kwenye mate walishapita pembeni ya filingi wakashuka kwenye mizizi iliyokuwa imesafishwa vizuri tu, kwahiyo kazi ikaanza upya, ganzi upya, hela upya. Iliniuma sana.

Sasa nitende haki, maana nilianza kwa kuilaumu dawa yenyewe na nilikosea. Cavit kwa kuziba iko vizuri sana. Inakuja imeshachanganywa, inagandishwa na unyevu wa mate, na inavyonyonya ule unyevu inavimba kidogo inajibana kwenye kuta za jino, ndo maana mate yanakosa pa kupenya. Ila haina nguvu, ukiitafunia inalika, na inataka unene, angalau milimita 3.5. Daktari akaniambia "kaka yangu hii yako ilikuwa utando tu, nafasi yote imechukuliwa na pamba". Kwahiyo kosa ni la aliyejaza pamba nyingi, na la mimi niliyekaa wiki 7 na kitu cha wiki mbili tatu.

Mdogo wangu yeye aliwekewa IRM, filingi nyingine ya muda, ile inayonukia karafuu kwa sababu ndani ina eujeno, mafuta yaleyale ya karafuu. Ni poda na maji yake vinakorogwa palepale. Ngumu kuliko Cavit, anatafuna bila wasiwasi, na hiyo eujeno inapambana na bakteria, ila kwa kubana ukutani mara nyingi inazidiwa, kwenye vile vipimo vya kuloweka meno yaliyong'olewa kwenye rangi, rangi huwa inapenya zaidi kwa IRM. Na yoyote utakayowekewa, chai ya moto ukaifuatishia maji ya friji inaichosha, jino na filingi havitanuki sawa, ndo panapofunguka mwanya.

Mi kwa kuwa nilikuwa narudi Kongwa wakanipigia mbili, chini Cavit, juu glasi ayonoma, aina nyingine ya filingi, hii inashikana na jino lenyewe na inastahimili kutafuna. Kabla ya kuziba wakapima kina kwa kile kichuma chenye alama, nikaona kwenye kioo kwa macho yangu, afu wakaning'atisha karatasi ya bluu wakapunguza palipozidi. Tarehe ya kurudi wakaandika kwenye kadi na siku moja kabla dada wa mapokezi akanipigia kunikumbusha. Kwa kazi nawapa tano kati ya tano. Kwa foleni nawapa mbili, miadi ya saa tatu nimeingia saa sita kasoro, na kuna mama alikuwa na mtoto shavu limevimba naye kakaa kwenye benchi muda wote ule, hilo walirekebishe.

Nilitafunia upande wa kulia tu, ubuyu nikaacha kabisa. Siku ya 12 nikarudi, daktari akachomoa kipamba, nikamwomba anionyeshe tena. Cheupe, hakina harufu, vilevile kilivyoingia. Siku hiyohiyo mizizi ikajazwa na filingi ya kudumu ikawekwa.