Bushi za mishale nilizowekewa dukani: hela nimelipa, hasira nimerudi nazo

Jamani kama unapiga upinde na bado uko na mishale ya aluminiamu kama mimi, soma hii kabla hujampa mtu kazi. Mimi niko Minnesota, baridi ya huku ikishaingia tunapigia ukumbini, mita 18, ndo maana nikachukua yale mabomba manene ya 2315 (bomba ndo mwili wa mshale, 2315 ni namba ya saizi yake), maana bomba nene likigusa tu mstari wa shabaha umeshapata pointi ya juu. Ya kwangu yalikuja matupu, nyuma panatakiwa bushi, kile kipete cha aluminiamu ambacho noki ya plastiki inachomekwa ndani yake halafu noki ndo inashika kamba. Kazi ndogo tu. Nikasema nimpe fundi wa duka la hapa jirani nilipe niwe na amani.

Amani gani!

Ncha za mbele alizigundisha, sawa, sina neno. Ilipofika bushi akawasha tochi ya gesi, na badala ya kupasha bushi akapasha bomba lenyewe, moto unalamba tu. Ukuta wa bomba hilo ni inchi 0.015, haufiki hata nusu milimita, na ugumu wa ile aluminiamu ya 7075 unatokana na kupikwa kiwandani kwa joto la kipimo, ukiizidishia moto inalegea, unabaki na mshale wa kupindapinda. Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba bomba linaungua. Hakuniangalia hata usoni.

Sasa sikieni. Akapaka bushi gundi ya moto, akaisukuma ndani, akalaza mshale mezani akageuka. Mimi nimesimama pale naona bushi inatoka yenyewe, taratiiibu, kama kobe anachungulia. Mbele pameshazibwa na ncha, hewa ya ndani imepata moto imetanuka, itapitia wapi? Fundi yeyote wa hii kazi anajua, unaikandamiza kwenye kitu bapa mpaka gundi igande. Yeye akairudisha kwa kidole gumba, imekaa upande, akafuta mkono kwenye aproni akachukua nyingine!

Nilipomuonyesha akanijibu eti aluminiamu ni mishale ya wazee, siku hizi watu wako kwenye kaboni, na kama najua sana nikafanyie kwangu. Mbele ya wateja! Yaani hasira zilinipanda mpaka Kiingereza chote kikanitoka.

Kufika nyumbani nazungusha mishale, noki zinayumba unaona kwa macho bila kipimo chochote. Noki ikikaa upande kamba nayo inasukuma upande, mkia unarusha teke, mshale mmoja unaingia kwenye njano ya katikati ya shabaha unaofuata uko kwenye bluu ya nje huko na mkono ni ule ule. Nyota moja, na ni kwa vile sifuri haipo.

Ila haki ya Mungu niseme na hili. Niliporudi nimefura, mama mmoja wa hapo kaunta alinisikiliza hadi mwisho, akachukua dazeni nzima. Akachomoa noki zisiyeyuke, akapasha bushi tu kidogo kidogo akazivuta kwa koleo, akasafisha ndani ya bomba kwa pamba yenye spiriti, gundi kiduchu, akawa anaingiza huku anazungusha ili gundi isambae, kisha anausimamisha mshale bushi chini mezani anaukandamiza mpaka upoe. Hakudai hata senti. Ile iliyopona inatoka imenyooka kuliko mishale yote niliyowahi kuwa nayo, na hapo ndo panaponiuma zaidi, kumbe duka linaweza!

Basi nyota mbili. Tatu, kama huyo mama ndo yuko zamu. Ukimkuta jamaa wa tochi geuza gari, na yale mabomba aliyoyaunguza hakuna aliyegusia kunilipa mpaka leo, nayadai, sijasamehe.