Uzoefu wangu: CD nne za muziki wa Final Fantasy VII, kutoka Japani hadi Kampala

Seti hii ya muziki wa gemu ya Final Fantasy VII nimeinunua mara mbili. Ya kwanza ilikuwa feki. Ya pili ndiyo ninayoisikiliza sasa hivi, hapa Ntinda, mvua ikipiga mabati.

Muziki huu nilikutana nao kwenye kibanda cha gemu kule Kawempe, enzi za kulipia kwa dakika. Wenzangu walitaka mpira tu. Mimi nilikuwa najibana karibu na televisheni niisikie kazi ya mtunzi wake, Nobuo Uematsu, na jina lake wala sikulijua.

Ile seti ya kwanza niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeapa kuwa ni orijino. Nikamtumia laki mbili, akiba ya miezi mitano. Kasha lilipofika lilipendeza kwa mbali, lakini maandishi madogo ya Kijapani kwenye kijitabu yalikuwa yamevimba kama ya fotokopi, na mgongoni hapakuwa na SSCX-10004, namba ya katalogi ambayo kampuni ya DigiCube ililipatia toleo la kwanza, la Februari 1997. Nikamwandikia, kimya. Niliumia sana. Miaka ya tisini nakala nyingi za aina hii zilichapwa Taiwan, na nyingine zinalia vizuri kabisa, kwa hiyo sikio halitakuokoa. Tumia macho.

Safari ya pili nilipitia wakala aliyeko Japani, nikamwomba picha tatu kabla ya kulipa: mgongo wa kasha, ule ukanda wa karatasi ambao Wajapani wanauita obi, na upande wa chini wa kila diski, karibu na tundu. Hapo kwenye tundu ndipo pa kuangalia. Shika diski chini ya tochi ya simu, izungushe polepole, utaona herufi ndogo sana zimechongwa kwenye duara la ndani. Kwenye zangu namba ya katalogi imo, sawa na ya mgongoni. Ukikuta pia herufi IFPI, hizo zinakuonyesha mtambo uliotengeneza diski. Utaratibu huo ulianza 1994, kwa hiyo CD ya zamani zaidi isiyo nazo usiiite feki.

Wala usichanganye feki na toleo la pili. DigiCube ilifilisika 2003, na mwaka uliofuata Square Enix, kampuni yenye gemu hii, ikautoa muziki huu upya kwa namba zinazoanza na SQEX. Hilo ni halali kabisa. Anayetaka kusikiliza tu, achukue hilo. Mimi nililitaka la DigiCube kwa sababu kampuni ile ilikuwa inauza gemu na CD kwenye maduka ya mtaani yanayokesha huko Japani. Mtu anatoka usiku kununua chakula, anarudi na muziki huu mkononi. Kila nikilishika kasha namfikiria mtu huyo.

Wakala alifunga mzigo vizuri. Obi ilikuwa na mkunjo, na yeye mwenyewe alinitajia mapema, ndiyo maana nitarudi kwake. Wiki ya nne nikaitwa Posta, Kampala Road. Mama wa forodha akaligeuzageuza kasha.

“Hizi ni za kanisa, mwanangu?”

“Hapana mama, ni muziki wa gemu.”

Akatabasamu, akaandika. Kodi nililipa, ikiwemo VAT ya asilimia 18. Piga hesabu hiyo kabla hujaagiza, maana bei ya Japani peke yake inadanganya. Kona moja ya kasha ilipasuka njiani, diski zote nne salama.

Na sauti! Karibu muziki wote wa gemu hii ulipigwa na chipu ya PlayStation yenyewe, ila kwenye pambano la mwisho, diski ya nne, inaingia kwaya ya Kilatini. Kwenye televisheni ya Kawempe ilikuwa kelele tu. Juzi nimeisikia neno kwa neno, nikairudisha mara tatu.

Sasa nautafuta muziki wa gemu nyingine, Chrono Trigger, toleo la 1995, diski tatu, namba PSCN-5021. Aliye nayo hapa Uganda anitumie kwanza picha ya lile duara la ndani, bei tutaongea.