Meza za nje New York, baridi ya 2020–21: kufunga mtaa au kibanda cha maegesho?

Kula ndani ya migahawa kulipopigwa marufuku katika Jiji la New York tarehe 14 Desemba 2020 kwa sababu ya COVID-19, zilibaki meza za nje: ama mtaa ulifungwa kwa magari, ama mgahawa ulijenga kibanda cha kulia pale magari yanapoegeshwa, kando ya barabara.

Kufunga mtaa mzima kulileta nafasi: meza ziliachana vizuri na hakuna gari lililopita mgongoni mwa mteja. Lakini njia ya futi 15 (kama mita 4.5) ilibidi ibaki wazi kwa zimamoto, na mtaa ulipofunguliwa tena kila kitu kiliondolewa. Hapo kinga ya upepo ungeijengea wapi?

Kwa Januari ile, afadhali kibanda cha maegesho. Kilichukua futi 8 tu za barabara, ila kilidumu: vizuizi vya upana wa inchi 18 vilivyojazwa udongo, sakafu iliyoinuliwa na kuacha maji yapite ukingoni, hita za umeme. Hita za gesi ya mitungi zilikuwa za njia ya miguu tu, tena kwa kibali. Angalau pande mbili zilitakiwa ziwe wazi; ukiziba zote nne kutafuta joto, ulikuwa umewarudisha wateja ndani na virusi vyao. Theluji nzito ilipotangazwa, hakukuwa na kukaa barabarani: magari ya kuisukuma yalipita karibu mno.